Ngozi ya kondoo yenye sufu: joto ambalo kondoo wa Bigogwe hawawezi kulitoa

Alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa Rugerero, motari wa Mbugangari huanza siku yao kwa kufunga zipu hadi kidevuni. Mtaa huo wa mji wa Gisenyi, unaopakana na Goma, haujulikani kwa baridi kali. Uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Kivu hupunguza ukali wa jua mchana na wa baridi usiku. Lakini abiria wa kwanza akitaka kupelekwa Bigogwe au Mukamira, mambo hubadilika. Barabara hupanda kwa mamia ya mita, na kwa kawaida ya milima kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Juu ya hayo upo upepo wa mwendo wa pikipiki, ambao huondoa joto la mwili haraka kuliko baridi ya hewa iliyotulia.

Ndiyo sababu nguo nzito hupata wanunuzi katika mji wa ziwani ambako mgeni angetarajia kuona mashati mepesi tu. Katika marobota ya nguo kuukuu, zile ambazo Rwanda nzima huziita chagua (neno la Kiswahili ambalo Kinyarwanda kimelichukua lilivyo na kuliandika caguwa), mara moja moja hutokea koti la ngozi ambalo ndani yake limejaa sufu nzito ya rangi ya maziwa. Ni zito mkononi, bei yake iko juu, na muuzaji hulishika kwa uangalifu. Baadhi ya makoti hayo ni ngozi halisi ya kondoo iliyoachiwa sufu yake. Mengine ni plastiki iliyoshonwa kwa ustadi. Tofauti kati ya hayo mawili hujulikana vizuri zaidi pale barabara inapoanza kupanda, na wakati huo fedha zimekwisha kutoka.

Vazi lisilo na bitana

Watu wengi hudhani kwamba koti la aina hiyo limetengenezwa kwa vitu viwili: ngozi kwa nje, na kitambaa cha sufu kilichoshonewa ndani kama bitana. Sivyo. Koti halisi ni kitu kimoja. Sufu iliyo ndani imeota katika ngozi ileile iliyo nje, na haijawahi kutenganishwa nayo tangu kondoo alipokuwa hai. Upande uliokuwa nyama umesuguliwa na kulainishwa ukawa uso wa koti, na upande wa manyoya umegeuzwa kuelekea mwili wa binadamu.

Muungano huo ndio siri ya joto lake. Sufu yenyewe haina moto wowote. Kinachomkinga mtu na baridi ni hewa iliyotulia, na kazi ya sufu ni kuishika hewa hiyo isiondoke. Kila unywele wa sufu umejikunja kama chemchemi ndogo, kwa hiyo nywele hazilaliani kama nyuzi za pamba bali husukumana na kuacha nafasi nyingi za hewa kati yake. Hata zikikandamizwa na mkoba au na mgongo wa abiria, huinuka tena zikiachiwa.

Sweta la sufu nalo hushika hewa, lakini upepo hupenya katika matundu ya ufumaji wake na kuifukuza hewa iliyokwisha kupata joto. Mwendeshaji wa pikipiki aliyevaa sweta tupu hulitambua jambo hilo kabla ya kufika mbali. Ngozi iliyoshikamana na sufu huuzuia upepo huo moja kwa moja, na wakati huohuo mvuke wa jasho huweza kupita polepole, jambo ambalo mpira na nailoni nzito haviruhusu.

Liko jambo la tatu, lisilojulikana sana. Sufu inaweza kufyonza mvuke wa maji unaofikia takriban asilimia 30 ya uzito wake kabla mkono haujahisi umajimaji. Inapoufyonza mvuke huo hutoa joto kidogo, kwa sababu molekuli za maji zinapojifunga ndani ya unywele huachia nishati. Mtu anayetoka katika nyumba kavu na kuingia katika ukungu wa alfajiri hupata faida hiyo kwa muda, bila kujua imetoka wapi. Pamba haimsaidii hivyo: ikilowa hujaza maji mahali palipokuwa na hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Ujuzi wa kuvaa ngozi yenye manyoya ni mkongwe kuliko ufumaji wa sufu. Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alpi mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Koti lake lilikuwa limeshonwa kwa vipande vya ngozi ya mbuzi na ya kondoo. Karibu na Afrika Mashariki, wachungaji wa nyanda za juu za Ethiopia wamekuwa wakijifunika mabegani kwa ngozi ya kondoo yenye manyoya hadi nyakati zetu.

Kondoo wa karibu, sufu ya mbali

Hapa ndipo swali la Mbugangari linapojitokeza. Ukipanda hadi Bigogwe na kandokando ya Gishwati, kondoo wapo. Huchungwa pamoja na ng'ombe katika malisho yenye ukungu, katika baridi ileile inayomtesa motari. Kwa nini basi koti la sufu litoke Ulaya katika robota, wakati mnyama mwenyewe yuko mlimani?

Jibu liko katika ngozi yake. Kondoo wa asili wa Rwanda ni wa jamii ya kondoo wa Kiafrika wenye mkia mrefu wenye mafuta, na mwili wake umefunikwa kwa nywele fupi wala si sufu. Kondoo wa mwituni, mababu wa kondoo wote, walikuwa na mavazi mawili: nywele ngumu za nje, na sufu nyembamba chini yake iliyopukutika kila mwaka. Katika Asia ya Magharibi, na baadaye Ulaya, wafugaji waliwachagua kwa maelfu ya miaka wale wenye sufu nyingi na nywele chache, mpaka wakapata wanyama ambao sufu yao haikomi kukua na ni lazima ikatwe. Kondoo wa sehemu kubwa ya Afrika walichaguliwa kwa mambo mengine: nyama, mafuta ya mkia, uwezo wa kustahimili jua, kupe na minyoo.

Tofauti hiyo huonekana wazi chini ya darubini. Merino, kondoo mashuhuri wa sufu aliyetoka Hispania na kuenea Australia na Afrika Kusini, anaweza kuwa na vinyweleo zaidi ya 50 katika kila milimita moja ya mraba ya ngozi yake. Kondoo wa nywele ana vichache mno kuliko hivyo. Ngozi yake ikitengenezwa pamoja na nywele zake hutoa zulia dogo la kupendeza au kiti kizuri, lakini haitoi ule msitu mzito unaoshika hewa. Hata Dorper, aina ya Afrika Kusini ambayo wafugaji wengi wa ukanda huu wanaisifu kwa nyama, hupukutisha manyoya yake mwenyewe. Aina hiyo ilipatikana katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Kiingereza na uzao wa kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, na damu ya Kisomali haijaisahau asili yake.

Hilo halina maana kwamba ngozi ya kondoo wa mlimani ni duni. Katika jambo moja inaishinda ngozi ya Merino kabisa. Vinyweleo vingi vya kondoo wa sufu, pamoja na mafuta yanayovizunguka, huifanya ngozi yake kuwa na tabaka legevu ambalo hubanduka kwa urahisi. Ngozi ya kondoo wa nywele imeshikana, ni laini, nyembamba na yenye nguvu. Ndiyo maana ngozi za kondoo wa nyanda za juu za Ethiopia hutafutwa duniani kwa kutengenezea glovu, zikiwemo zile za wachezaji wa gofu. Kwa maneno mengine, kondoo wa aina hiyo huweza kuvisha vidole vya tajiri wa mbali, lakini hawezi kumkinga na baridi motari anayepita kando ya malisho yake.

Wanyarwanda wa zamani waliielewa ngozi hiyo vizuri. Kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa walitengeneza ingobyi, mbeleko ya kumbebea mtoto mgongoni. Waliichagua kwa ulaini wake, na pia kwa heshima ya kondoo mwenyewe, mnyama mpole ambaye katika mila za nchi hiyo alihusishwa na amani, na ambaye watu wengi, hasa wanawake, hawakula nyama yake. Neno ingobyi limebaki na maana pana: huitwa hivyo pia kondo la nyuma la mama mzazi, na machela ya jadi ya kubebea wagonjwa. Leo mbeleko za Mbugangari ni za kitambaa, kama kwingine kote.

Kazi ya mtengenezaji

Kutengeneza ngozi ya kawaida huanza kwa kuondoa manyoya kwa chokaa. Mtengenezaji wa ngozi yenye sufu ana kazi ya kinyume: lazima kila unywele ubaki mahali pake. Kwa hiyo adui wake wa kwanza ni saa. Mnyama akishachunwa, bakteria huanza kula mizizi ya nywele, na ngozi iliyoachwa kwenye joto bila chumvi kwa muda hutoa sufu kwa mafungu baadaye, hata ikitengenezwa na fundi bora. Chumvi nyingi huwekwa mapema. Kisha ngozi hulowekwa, nyama na utando hukwanguliwa, na sufu huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta mazito ya asili, kwani mafuta hayo yakibaki huzuia dawa kupenya.

Hufuata dabagha yenyewe. Neno hilo wasomaji wengi Waislamu walilisikia kwanza katika darasa za fiqhi, katika mlango wa utohara wa ngozi. Kwa upande wa kemia, maana yake ni kuzifunga nyuzi za kolajeni zinazojenga ngozi ili zisioze wala zisikakamae. Ngozi isiyotiwa dawa hunywea na kujikunja ikiwa katika maji ya joto la nyuzi 60 hivi. Iliyotengenezwa vizuri kwa chumvi za kromiamu inaweza kustahimili karibu na kiwango cha maji kuchemka. Njia ya shabu ni ya kale na rahisi, na huacha ngozi nyeupe nzuri, lakini ina kasoro kubwa: maji huiondoa shabu, na ngozi iliyolowa sana hurudi kuwa ngumu kama iliyochunwa jana. Mwishoni ngozi hutiwa mafuta, hukaushwa, hunyooshwa na kusuguliwa, sufu huchanwa, hupigwa pasi, na kukatwa iwe na urefu sawa, kwa kawaida kati ya sentimita 1 na 2.5.

Afrika Mashariki inayo mahali ambapo msafiri anaweza kuona kazi hiyo kando ya barabara. Katika nyanda za juu za Kenya, zinakofugwa Merino na Corriedale, ngozi zenye sufu huanikwa kuuzwa kwenye barabara ya Nairobi kuelekea Naivasha, pale magari yanaposimama kutazama Bonde la Ufa. Kofia, mazulia na vifuniko vya viti ndivyo vinavyoonekana zaidi.

Kutoka kwa marubani hadi kwenye robota

Koti lenyewe, kwa umbo linaloonekana leo, lina asili ya angani. Katika miaka ya 1920 na 1930 marubani waliruka katika ndege zisizo na joto, na baadhi zilikuwa wazi juu. Katika kimo cha mita 6,000 na zaidi baridi hushuka chini sana ya kiwango cha maji kuganda. Leslie Irvin, Mmarekani aliyefungua kiwanda cha miavuli ya kurukia huko Letchworth, Uingereza, ndiye aliyebuni koti fupi la ngozi ya kondoo lililokuja kuvaliwa na marubani wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Marekani nayo ilikuwa na koti lake, B-3, tangu mwaka 1934. Baada ya vita mtindo ulishuka ardhini, ukavaliwa na waendesha pikipiki na wacheza filamu. Ukosi mpana na mikanda ya kubana shingoni na kiunoni, ambayo kijana wa Gisenyi huiona kuwa ni mapambo, iliwekwa ili hewa ya baridi isiingie ndani ya vazi la rubani.

Makoti ya Ulaya yakichokwa huingia katika biashara ya mitumba, na hapo uzito wake huwa tatizo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo kuukuu kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola 2.5, kwa nia ya kulinda viwanda vya ndani. Hatua hiyo ilileta mvutano na Washington, na mwaka 2018 Marekani ilisimamisha nafuu ya kodi kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Kwa mnunuzi wa kawaida hesabu ilikuwa nyepesi. Ushuru unaohesabiwa kwa kilo haujali uzuri wala umri wa nguo. Shati la gramu 200 linabeba nusu dola, na koti la ngozi ya kondoo la kilo 3 linabeba dola 7 na nusu kabla mfanyabiashara hajaweka faida yake. Vazi linalohitajika zaidi mlimani ndilo lililoadhibiwa zaidi na mizani.

Upande wa pili wa mpaka, Birere mjini Goma, ushuru huo haupo. Haishangazi kwamba mamlaka za Rwanda zimetangaza mara nyingi kukamata chagua za magendo katika wilaya ya Rubavu. Bidhaa iliyopita kwa njia hiyo haina risiti, na asiye na risiti hana pa kurudi akigundua kwamba alichonunua ni plastiki.

Jinsi ya kuitambua

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Mnunuzi aitenganishe sufu kwa vidole viwili, kama mtu anayepasua njia katika nywele, na kutazama chini kabisa. Katika vazi halisi ataona ngozi, na nywele zikitoka humo kama majani yanavyotoka ardhini. Katika vazi la bandia ataona kitambaa: nyuzi zilizofumwa kwa mistari iliyonyooka, na manyoya yakiwa yamepangwa kwa safu. Mahali pazuri pa kutazama ni kwenye mshono wa ndani wa kwapa au ukingo wa mfuko, kwa kuwa mafundi wa vitu vya bandia hawahangaiki kuficha sehemu hizo.

Liko pia koti la nusu kwa nusu, ambalo huwadanganya hata wazoefu: ngozi ya nje ni halisi, pengine ya mbuzi au ng'ombe, na manyoya ya ndani ni ya akriliki. Si vazi baya, ila halistahili bei ya jingine. Hapo husaidia moto. Nywele mbili tatu zilizochomolewa na kuguswa na kiberiti, mbali na koti lenyewe, hutoa jibu mara moja: sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Akriliki na poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na huacha punje ngumu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo huenda ana sababu zake, na mnunuzi pia anayo haki ya kwenda kibanda cha pili.

Umri nao uchunguzwe. Uso ukikunjwa na kutoa nyufa nyembamba au kubanduka kama rangi ya ukuta, hiyo ni tabaka ya plastiki inayokufa, na haina dawa. Ngozi halisi iliyokauka hupasuka kwa namna nyingine, hasa mabegani na kwenye viwiko. Ikivutwa taratibu na kutoa sauti kama karatasi, haitamaliza msimu mmoja.

Mvua na jiko

Koti hilo lilitengenezwa kwa baridi kavu, na Rubavu ina mvua kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Ngozi iliyoloa hubeba maji mengi, huwa nzito, na joto lake hupungua. Motari wenye uzoefu huvaa koti la mvua juu yake, hata kama linaficha uzuri wake.

Likilowa, kosa linalofanyika mara nyingi ni kulitundika karibu na jiko la makaa. Ngozi iliyo na maji hunywea kwa joto ambalo ngozi kavu ingelistahimili, na ikishanywea hairudi. Koti likung'utwe, litundikwe kwenye henga pana mahali penye kivuli na upepo, na liachwe hata siku mbili. Sufu ichanwe kwa brashi ikiwa kavu. Kulifua katika beseni kwa maji ya moto ni kuliua mara mbili: maji huondoa mafuta na wakati mwingine dawa katika ngozi, na msuguano katika joto huzisokota nywele za sufu zikashikamana kama mkeka. Doa lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na harufu iondolewe kwa kulianika nje nyakati za ukavu.

Msimu wa kutolivaa ndio wa hatari ya kimya. Viwavi wa nondo hula sufu, na ukungu hupenda ngozi iliyofungiwa katika mfuko wa plastiki kwenye chumba chenye unyevu. Mfuko wa kitambaa, vidonge vya dawa ya nondo visivyogusa ngozi, na kulitoa nje mara moja kwa mwezi hutosha. Koti lililonunuliwa sokoni leo likaguliwe kabla ya kuingizwa kabatini pamoja na nguo nyingine: mayai ya nondo hujificha chini ya ukosi na ndani ya mifuko, mahali ambapo mnunuzi, akiwa na furaha ya kupata, husahau kutazama.